Mitihani na taarifa za mwanao: maswali ninayoulizwa kila mwaka hapa Moshi

Nimekuwa mwalimu wa taaluma kwa miaka kumi na sita, kwanza shule ya msingi huko Uru, kisha sekondari mjini. Watu hudhani kazi ya mwalimu wa taaluma ni kupanga ratiba na kugombana na walimu wanaochelewa kusahihisha. Hiyo ipo, lakini sehemu kubwa ya kazi ni kutunza karatasi za watoto wa watu: majina, tarehe za kuzaliwa, namba za simu za wazazi, alama. Maswali haya nimeulizwa getini, kwenye vikao vya wazazi, na mengine ndani ya daladala ya Kiboriloni nikiwa nimepakata mzigo wa abiria mwenzangu. Pale ninapotoa maoni yangu nitasema ni yangu.

Namba ya PREM ni kitu gani, na ina tofauti gani na namba ya mtihani?

Namba ya PREM mtoto huipata shule ya msingi, kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani la Tanzania. Nyuma yake kuna jina kamili, jinsi, tarehe ya kuzaliwa na shule anayosoma. Mtoto akihama kutoka Ngarenaro kule Arusha kuja Pasua, barua ya uhamisho peke yake haitoshi. Anatakiwa ahamishwe na ndani ya mfumo, la sivyo atakuwa anakalia dawati Moshi huku kwenye kompyuta bado yuko Arusha. Kawaida mzazi huligundua hilo siku za usajili wa mtihani, na ndipo anaanza kukimbizana na walimu wakuu wawili kwa simu.

Namba ya mtihani ni nyingine. Hiyo ni ya mtihani mmoja tu. Ya darasa la saba huanza na PS, ya kidato cha nne na cha sita huanza na S, na mtahiniwa wa kujitegemea huanza na P.

Jina la mwanangu limekosewa herufi moja tu. Kuna shida?

Ipo, ila huioni leo. Utaiona atakapofika miaka ishirini na kitu, anaomba mkopo wa chuo, au anapeleka vyeti kwa mwajiri, na karani anamwambia, "Huyu siye wewe."

Majina yetu ya huku yanaongoza kwa balaa hili. Mushi anaandikwa Moshi, kama mji. Massawe anapoteza s moja, Lyimo anageuka Limo, Aikaeli anakuwa Aikael. Kuna pia wale waliobatizwa jina moja, nyumbani wanaitwa jingine, na siku ya kuandikishwa darasa la kwanza aliyempeleka shule alikuwa shangazi, akataja lile la nyumbani. Miaka saba baadaye mtoto ana majina mawili na cheti cha kuzaliwa kina la tatu.

Mwajiri wa siku hizi hana uvumilivu na mambo hayo, na ana sababu. Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, na vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Wale walighushi kweli. Lakini tangu wakati ule, ofisa anayeona majina mawili yasiyolingana hamfikirii kwanza karani aliyeteleza kidole. Anamfikiria mwizi wa cheti.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua cheti cha kuzaliwa cha RITA, nenda shuleni kabla usajili wa darasa la nne haujafungwa, omba kuona jina kama lilivyo kwenye mfumo, uyalinganishe herufi kwa herufi. Usiridhike na "liko sawa mama, usijali". Omba ulione. Rudia darasa la saba, rudia kidato cha pili, rudia kidato cha nne. Kabla ya mtihani, kusahihisha ni kazi ya dakika chache kwa mwalimu mwenye mfumo mbele yake. Jina likishachapwa kwenye cheti, utazunguka hadi viatu viishe soli.

Tarehe ya kuzaliwa nayo iangalie. Wapo wazazi waliopunguza umri ili mtoto aonekane mdogo, au waliongeza ili apokelewe darasa la kwanza. Siwahukumu, ila uongo huo mtoto ndiye atakayetakiwa kuuelezea.

Kwa nini matokeo yako wazi mtandaoni, hata jirani anayaona?

Ndivyo Baraza linavyoyatoa, na limefanya hivyo miaka mingi. Lakini ngazi hazifanani. Matokeo ya kidato cha nne huonyesha namba ya mtihani, jinsi, jumla ya pointi, daraja na alama za kila somo, jina halipo. Darasa la saba, kwa miaka mingi, jina kamili limekuwa likionekana pamoja na namba ya PREM. Yaani mtoto wa miaka kumi na mitatu anaanikwa zaidi kuliko kaka yake wa miaka kumi na saba. Mimi hilo sijawahi kulielewa.

Na usidhani kukosekana kwa jina ni kinga kamili. Orodha ya kidato cha nne hupangwa wasichana kwanza, kisha wavulana, kwa alfabeti. Shule ikiwa na watahiniwa 30 na unalijua darasa, kumpata mtoto wa jirani ni kuhesabu kwa vidole. Shule ya watahiniwa 200 hapo utachoka.

Jambo jingine: matokeo yakitoka, tovuti ya Baraza huelemewa, na papo hapo zinachomoza tovuti nyingine za kukusaidia. Nyingi zimenakili tu. Baadhi zinataka uandike jina la mtoto, namba ya simu na shule ndipo zikuonyeshe. Kwenye tovuti ya Baraza unachagua mtihani, mwaka na shule, basi. Huulizwi simu, hulipi kitu. Ukiulizwa, funga ukurasa.

Sheria inasema nini kuhusu taarifa za wanafunzi?

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume inayoisimamia, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Kabla ya hapo tulikuwa na Ibara ya 16 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya faragha, ila ibara ile haikumwambia mkuu wa shule afanye nini na kabati lake la mafaili.

Kwa mzazi, kubwa ni hili: taarifa za watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, pamoja na za afya na za miamala ya fedha. Shule inayokusanya taarifa za mwanao ni mkusanyaji kama zilivyo benki na kampuni ya simu. Inatakiwa ikueleze inazikusanya kwa ajili gani, izitumie kwa hilo tu, na izilinde. Wewe una haki ya kujua wanacho nini, na kutaka kilichokosewa kirekebishwe. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayesimama badala yake.

Baraza la Mitihani lenyewe lina sheria yake tangu mwaka 1973, na kutoa matokeo ni sehemu ya kazi yake. Kwa hiyo usiende kumgombeza mkuu wa shule kwa sababu matokeo ya taifa yako wazi. Mgombeze kwa yale anayoyaweka wazi yeye.

Kwa mfano, kusoma nafasi za watoto mstarini siku ya kufunga shule?

Hapa nitajitoa mhanga, maana nami nimeyasoma. "Wa kwanza, makofi! ... Wa arobaini na tano kati ya arobaini na tano." Watoto wanacheka, walimu wengine nao wanacheka. Nilikuwa nikisema inawachangamsha wavivu. Mwaka mmoja yule wa mwisho hakurudi muhula uliofuata, na nilipokwenda kwao, bibi yake aliniambia mtoto anaona haya kupita njia ya shuleni. Tangu siku ile nasoma kumi wa kwanza, wengine wanapewa fomu mkononi, imekunjwa.

Kisheria, alama za mtoto ni taarifa zake. Kuzipigia kipaza sauti mbele ya watu mia sita si lazima kwa elimu yake. Ukitaka mwanao asisomwe, andika barua fupi kwa mwalimu mkuu. Nimeona zikikubaliwa.

Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wametuma faili la matokeo ya moko (mtihani wa utamilifu, wa kujipima kabla ya ule wa taifa), shule nzima. Ni sawa?

Si sawa, na ndiyo njia kubwa kuliko zote ambayo taarifa za watoto wetu zinavuja. Watu wananiuliza habari za wadukuzi, kana kwamba kuna kijana Ulaya amekesha akitafuta alama za Hisabati za mtoto wa Njoro. Hakuna. Anayevujisha ni sisi: mwalimu aliyechoka, mzazi mwenye furaha, afisa aliyetaka kila shule ijione.

Faili la mtihani wa utamilifu husafiri hivi. Mkoa au halmashauri inakusanya alama, inapanga shule na wanafunzi, inatuma kwa wakuu wa shule. Mkuu anatuma kwenye kundi la walimu. Mwalimu ambaye mwanawe ameshika nafasi ya tatu anatuma kwenye kundi la ukoo. Jioni lina watu wa Mwanza na Dar. Ndani yake kuna majina matatu ya kila mtoto, shule, jinsi na kila alama. Kuna siku nililetewa faili la shule yetu na fundi wangu wa pikipiki, anataka nimtafsirie alama za mpwa wake. Nikalisoma nimesimama kwenye gereji, orodha niliyoiandaa mwenyewe na kuilinda kwa nywila. Nywila ilikuwa imeandikwa kwenye ujumbe uleule uliolibeba faili.

Ukiona limetumwa, mwombe msimamizi wa kundi alifute, na mwambie mwalimu wa darasa. Matokeo ya mtoto mmoja yaende kwa mzazi mmoja. Ni kazi zaidi, ndiyo. Darasa la watoto 60 ni ujumbe 60. Wengine tumerudi kwenye fomu ya karatasi, na karatasi haisambai kundi kwa kundi.

Nipeleke fomu za mtoto steshonari zichapwe?

Peleka, sote hatuna printa nyumbani. Ila angalia mambo machache. Ukituma kwa WhatsApp ya steshonari, fomu inabaki kwenye simu yao. Ukitumia flashi, mara nyingi inabaki kwenye kompyuta, kwenye deskitopu, inaangaliwa na kila anayekuja kuchapa barua ya maombi ya kazi. Simama pale, hakikisha wamefuta, na kopi zilizoharibika ondoka nazo. Nimeshafungiwa karanga, kwenye stendi ya mabasi, kwa karatasi yenye jina na alama za mwanafunzi wa kidato cha pili. Karanga zilikuwa tamu, lakini sikuzimaliza.

Walimu wenzangu, hili letu pia. Tunapeleka mtihani na orodha za darasa steshonari zilezile.

Nimepigiwa simu kwamba mwanangu wa bweni amezidiwa, nitume hela ya matibabu haraka. Namba yangu waliipata wapi?

Kwanza usitume. Kata, pigia namba ya shule uliyoiandika wewe mwenyewe siku ya kumwandikisha. Huu ni utapeli wa zamani, na unafanya kazi kwa sababu mpigaji anajua jina la mtoto na jina la shule. Hapo mzazi hafikirii tena, anatafuta wakala wa kutuma fedha.

Walipata wapi? Fikiria orodha zote zinazoandika jina la mtoto pamoja na simu ya mzazi: daftari la wageni getini, karatasi ya kusaini kwenye kikao, orodha ya michango ya mahafali, orodha ya basi la wanafunzi wa Arusha wanaorudi likizo. Nyingi zinaachwa mezani zimefunguliwa. Kwenye kikao kijacho ukiletewa karatasi yenye simu za wazazi wote waliotangulia, iulizie. Shule inaweza kumpa kila mtu kikaratasi chake.

Kuna mtu anauza mtihani Telegram. Ni wa kweli?

Ni tapeli. Na hata ungekuwa wa kweli, mtoto wako ndiye ambaye matokeo yake yangefutwa.

Siku ya mtihani, mtoto aangalie nini kwenye namba yake?

Aijue kwa moyo kabla ya siku hiyo. Namba iliyobandikwa kwenye dawati, iliyo kwenye orodha ya mahudhurio, na atakayoiandika au kusiliba kwenye karatasi ya kujibia viwe kitu kimoja. Ikitofautiana, anyooshe mkono asubiri msimamizi, asianze kujibu.

Siongezi chumvi. Darasa la saba mwaka 2022, mtihani ulipofanyika Oktoba, mwanafunzi wa shule moja ya binafsi alionekana kwenye video akilalamika kwamba namba yake ilibadilishwa siku ya mtihani. Nchi nzima ilimsikia, na Baraza likachukua hatua. Niliwaonyesha wanafunzi wangu kwa sababu moja tu: mtoto yule aliijua namba yake. Asingeijua, angefanya mtihani wa mtu mwingine na asigundue.

Ila nina neno kuhusu ile video. Jina lake na uso wake vilisambazwa na watu waliokuwa wakimtetea, na vipo mtandaoni hadi leo. Mtoto akionewa, mpeleke kwa afisa elimu, kwa Baraza, hata polisi. Kamera iwe ya mwisho.

Mwanangu ana uoni hafifu. Nikisema, si ataandikwa kwenye mafaili kuwa ni mlemavu?

Ataandikwa, na ndipo anapopata haki yake. Mtahiniwa mwenye uoni hafifu hupewa karatasi yenye maandishi makubwa, asiyeona hupewa ya nuktanundu, na wote huongezewa muda: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Haya hupangwa wakati wa usajili. Ukinyamaza hadi siku ya mtihani, msimamizi hana karatasi nyingine mfukoni.

Hapa Moshi tuna Mwereni, shule ya msingi inayosomesha watoto wasioona pamoja na wanaoona. Mzazi ukiwa na hofu nenda pale kaongee na walimu, watakutoa wasiwasi kuliko mimi.

Taarifa ya ulemavu au ugonjwa inamhusu mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa na anayesajili. Ukisikia inazungumzwa kantini, una haki ya kuja juu.

Shule imeweka picha ya binti yangu kwenye bango la barabarani, na pointi zake. Hawakuniuliza.

Barabara ya Moshi kwenda Arusha, msimu wa matokeo, mabango hayo ni kama migomba. Januari 2023 Baraza lilitangaza kuacha kutaja shule kumi bora na watahiniwa bora kwenye matokeo ya kidato cha nne. Nililipokea vizuri. Lakini shule zikaona pengo, zikalijaza kwa mabango.

Wazazi wengi hufurahi, na siwalaumu. Kumuona mwanao kwenye bango refu kuliko nyumba si jambo dogo. Ila bango lile ni tangazo la biashara, na uso uliopo ni wa mtoto. Walipaswa kukuomba ridhaa kwa maandishi. Soma pia fomu ya kujiunga uliyosaini mwanzo, huenda kipo kipengele cha picha kilichofichwa katikati ya sare na ndoo. Hata kama kipo, unaweza kuandika kuondoa ridhaa yako. Bandiko la mtandaoni litaondolewa siku hiyohiyo. Bango la turubai watasubiri hadi litakapopauka.

Matokeo yameandikwa ABS au INC. Maana yake?

ABS ni hakuwepo, INC ni matokeo hayajakamilika. Kama mwanao alikuwepo na alifanya, nenda kwa mkuu wa shule kesho yake asubuhi. Karatasi ya mahudhurio yenye saini yake ipo. Rufaa ya alama ni jambo tofauti, ina ada kwa kila somo na ina muda wake, na ukichelewa hakuna wa kukusikiliza.

Nitunze nini nyumbani?

Cheti cha kuzaliwa, namba ya PREM, namba za mtihani za kila ngazi, fomu za matokeo za muhula, na cheti chenyewe kikitoka. Usikichome plastiki, ofisi nyingi hukikataa. Kikipotea utaanzia polisi kupata taarifa ya upotevu, utatangaza gazetini, ndipo uombe kwa Baraza. Weka kopi kwa ndugu unayemwamini. Sisi wa huku tuna bahati kwamba Desemba ukoo wote unarudi nyumbani, basi siku hiyo bahasha zikaguliwe kabla mbuzi hajachinjwa.

Taarifa za mwanangu zimevuja. Nianzie wapi?

Kwa mwalimu mkuu au mkuu wa shule, kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, Afisa Elimu Kata, kisha halmashauri. Ukiona wanakuzungusha, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko ya mtu yeyote, huhitaji wakili. Piga picha ya ushahidi kabla hawajafuta, andika tarehe, na ukimtumia mtu picha hiyo, ziba kwanza majina ya watoto wengine.